Majani ya Juu ya Gunia

Bwana Nganga aliandika neno moja tu kwenye fomu yangu ya tathmini, na neno lenyewe la Kiingereza: soft. Palikuwa na nafasi ya mistari minne. Angeweza kuandika kwamba sichelewi kazini, au kwamba mizani yangu haijawahi kuleta maneno kwa miaka mitatu niliyokuwa karani katika kituo hiki cha kupokea majani ya chai, huku karibu na Sosiot. Aliandika soft, akaweka nukta, akanipa kalamu nitie sahihi.

"Hii ina maana gani, sir?" nikamuuliza.

"Ina maana wakulima wanakupenda," akasema. "Na karani mwenye anapendwa na wakulima, Christabel, huyo anatuletea takataka kiwandani. Alhamisi nitakuja nikuone ukifanya kazi."

Nilitia sahihi, lakini nilirudi nyumbani nimefura kama andazi. Neno hilo nililijua tangu zamani na halikuwahi kunitukana. Binamu yangu Jentrix aliyeko Nairobi hujipiga picha kando ya bwawa la kuogelea lisilo lake, anaandika chini soft life, nasi huku tunakula wivu. Bwana Nganga mwenyewe kila mwisho wa mwezi hunipigia simu kuuliza soft copy ya ripoti iko wapi. Mama yangu alipofanyiwa upasuaji wa tumbo, daktari alimwandikia soft diet, nikawa napika uji mwepesi wiki nzima. Na majani yenyewe je? Mshahara nalipwa kwa kuyatafuta yaliyo soft, mawili na kichipukizi chake, na kuyakataa yaliyokomaa. Jani likiwa soft linapandishwa lori kwa heshima. Karani akiwa soft anaandikwa kwenye fomu.

Niseme mapema kwamba simlaumu Bwana Nganga. Yeye aliandika neno. Yaliyofuata niliyafanya mimi, kwa mkono wangu huu wa kulia, na kila nikiuangalia naona haya.

Mwenye majani mazuri kuliko wote kituoni alikuwa Kogo Taprandich. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na kila mtu alimwita hivyo, hata wanaume wenye mvi. Shamba lake liko kwenye mteremko chini ya barabara, michai iliyopandwa na marehemu mumewe, na alikuwa bado anachuma mwenyewe, kikapu mgongoni, katika umri ambao wenzake wanaota jua. Mwanawe Kipkurui, mwenye duka la mabati na misumari kule Bomet, alitaka kuing'oa michai apande mikaratusi. Kogo alimpa jibu moja, na alipenda kulirudia pale kwenye banda la kupimia ili watu wasikie: "Siku karani atakataa majani yangu, hiyo siku lete jembe."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa maana nani angekataa majani ya Kogo?

Mama yangu alipotoka hospitali, Kogo aliniuliza amepewa masharti gani. Nikamwambia ale chakula laini tu. Kesho yake alileta maziwa kwenye kibuyu kidogo, na ndizi zilizoiva zikalegea. Akaendelea hivyo mpaka Mama akapata nguvu, na hata baada ya hapo kibuyu hakikukoma, ila sasa kilikuja na mursik, maziwa yaliyogandishwa, kila Ijumaa. Nami sikukirudisha kitupu. Nilikirudisha na sukari, au sabuni, na mwezi ukiwa mbaya, mayai mawili. Aliniita lakwenyun, yaani mtoto wangu. Mimi, Mjaluo ambaye baba yake alikuja kutoka Nyakach kufanya kazi kiwandani, na Kikipsigis changu hakivuki salamu.

Alhamisi ikafika. Siku zote naanza kupima saa saba, lakini siku hiyo nilitaka Bwana Nganga anikute kazi imeshapamba moto, nikaanza saa sita. Alisimama nyuma yangu, mikono kifuani. Nilikuwa nimeamua kwamba mtu wa kwanza atakayenipa sababu nitamkataa, awe nani. Sikumfikiria Kogo. Nilimwita wa kwanza kwa wema tu, ili asisimame sana juani.

"Kogo, njoo wewe kwanza."

"Ngoja kidogo, karani," akadakia mzee Kipkemoi, mwenyekiti wa kamati ya wakulima. "Kogo bado hajakunywa chai yake."

Ni kweli kila siku Kogo aliteremsha gunia bandani, akavuka barabara kunywa chai kwenye kibanda cha Drusilla, ndipo akarudi kupimiwa. Lakini mbele ya Bwana Nganga ningesubirije mtu anywe chai? Nikarudia kumwita. Kogo akaburura gunia lake hadi mbele yangu, akitabasamu.

Kanuni yetu ni kutia mkono mpaka chini ya gunia, kugeuza, na kutazama majani ya katikati. Mimi nilishika ya juu tu. Yalikuwa magumu. Nikashika tena, yakawa magumu vilevile, na badala ya kushangaa niliona furaha, Mungu anisamehe, kwa sababu hapakuwa na mtu ambaye ningemkataa Bwana Nganga akaamini zaidi. Majani yaliyokataliwa humwagwa kwenye meza ya kuchambulia, mwenye gunia akasimama akatoa mabaya. Sakafuni tunamwaga ya mtu mmoja tu: yule aliyekamatwa ameficha mawe ndani ya gunia. Mimi niliinua gunia la Kogo nikalimwaga sakafuni.

"Not soft," nikasema kwa sauti, kwa Kiingereza, ili asikie aliye nyuma yangu.

Kogo alipiga magoti akaanza kuchambua. Vidole vyake vilikwenda huku na huku juu ya simiti, vikagusa jani, vikagusa kiatu changu, vikarudi. Uso wake ulikuwa umeelekea barabarani. Ndipo nikaona kile nilichopaswa kuona miaka miwili nyuma: macho yake yalikuwa na utando mweupe, na hakuwa akitazama chochote.

Mzee Kipkemoi akaruka kutoka kwenye mstari. "Wacha, Kogo, wacha," akasema, naye amechanganyikiwa. "Tutakuchagulia sisi, kama kawaida."

Mikono ya Kogo ikasimama. "Kama kawaida gani?"

Mzee Kipkemoi alifunga mdomo kwa kiganja, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kogo aliuliza tena, kwa Kikipsigis sasa, akigeuza uso upande mmoja wa mstari na upande mwingine, na watu wazima waliinamisha vichwa mbele ya mtu asiyewaona hata. Akainuka. Akalikunja gunia lake tupu mara nne, taratibu, akaliweka kwapani, akaenda zake akipapasa ukingo wa barabara kwa mguu.

"Sasa naona mabadiliko," Bwana Nganga akaniambia, akanipiga begani. Nilitamani sakafu inimeze pamoja na yale majani.

Jioni, tulipokuwa tunafunga, mzee Kipkemoi alinieleza. Macho ya Kogo yalianza kufifia miaka miwili iliyopita. Tangu hapo, alipovuka barabara kwenda kwa Drusilla, wenzake walimwaga gunia lake mezani haraka haraka, wakatoa magumu, na ili lisipungue wakajazia kwa konzi konzi kutoka magunia yao wenyewe. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini pale bandani kata walikuwa watu kumi na zaidi, na mtungi peke yake ndio haukujua. Kogo aliamini yeye bado ndiye mchumaji bora wa Sosiot.

"Na wewe tulifikiri unajua," akasema. "Tulifikiri ndio maana ya Kogo huangaliangi sana. Tulikuwa tunasema, huyu karani ako na roho."

Ningefurahi kama angenitukana. Roho gani? Ni kwamba tu sikuwa nimeangalia.

Ijumaa mursik haukuja, na usingekuja, kwa sababu kibuyu kilikuwa kwangu, juu ya kabati, kimeoshwa. Mama alikiangalia, akaniangalia. Nilikuwa nimemsimulia yote.

"Kirudishe," akasema.

"Nitakirudisha Jumatatu."

"Kesho ni Jumamosi na miguu uko nayo."

Sikwenda Jumamosi. Niliogopa. Jumapili, baada ya kanisa, habari ilitoka kwenye kibanda cha Drusilla kwamba Kipkurui amefika kutoka Bomet na watu wawili na kamba, wamepima shamba la chai kutoka juu hadi chini. Mama yake amemwambia aje na jembe. Nilikaa kitandani na nguo zangu za kanisa, nikalia. Lakini hata kilio hicho kilinitia aibu, maana nilijua nalia kwa ajili yangu.

Jumatatu nilikwenda, na kilo mbili za sukari. Kogo alikuwa ameketi mlangoni anamenya maharagwe kwenye sinia. Siku nyingine akisikia hatua zangu hunitangulia kwa salamu: "Takwenya," nami najibu, "Igo." Siku hiyo alinyamaza mpaka nikafika karibu kabisa.

"Umeleta kibuyu," akasema.

"Nimekileta, Kogo. Na nimekuja kuomba msamaha. Nilimwaga majani yako chini. Nilikosea sana."

"Hiyo ya chini nimesikia," akasema, akitupa ganda. "Sasa niambie hiyo ingine. Walikuwa wananichagulia tangu lini?"

Nilimwona alivyo, shingo ngumu, kitambaa cha kichwa kimefungwa upande, na nyuma yake michai inashuka kijani mpaka mtoni. Nikafikiri: huyu nimemvunja, na sasa naweza kumuunga kwa neno moja dogo. Nani angenilaumu?

"Ni siku ile tu, Kogo," nikasema. "Ulikuwa umechoka. Siku zingine majani yako yalikuwa mazuri yenyewe."

"Siku hiyo tu?"

"Siku hiyo tu."

Alimenya maharagwe matatu, manne. Kisha akasema, "Sawa. Kipkurui nimemwambia angoje mpaka Jumatano. Jumatano nitaleta majani. Hakuna mtu atagusa, hata Kipkemoi. Wewe ndio utaangalia. Ukisema iko mzuri, nitachuma mpaka nikufe. Ukisema iko mbaya, ang'oe. Kibuyu weka hapo."

Nilikiweka hapo. Hakuniita lakwenyun, nikajiambia ni hasira, itapoa.

Jumatano banda lilijaa kuliko siku ya bonasi. Kipkurui aliegesha pikapu yake kando ya barabara, na majembe yalikuwa nyuma, watu wote waliyaona. Ni mtu mpole, na alionekana anatamani kuwa mahali pengine. Kogo aliketi juu ya gunia lake, lililojaa si zaidi ya nusu, na kila aliyesogea alimfukuza kwa mkono. Saa saba ilipofika akainuka.

"Karani, angalia."

Nilitia mkono. Majani yalikuwa magumu kama ngozi ya kiatu, magumu kuliko yale ya Alhamisi. Yangeweza kuezekea nyumba. Nikainua macho nikamwona mzee Kipkemoi, naye aliusoma uso wangu, akatazama chini. Nikawaona wote. Walikuwa wananiomba bila kusema. Nikafikiria pikapu, nikafikiria Mama na maziwa yale, nikaona kwamba gunia moja baya halitaua kiwanda, na kwamba leo nafuu niwe soft kama nilivyoandikwa, na Bwana Nganga aandike anavyotaka.

"Ni laini, Kogo," nikasema. "Ni mazuri sana. Weka kwenye mizani."

Watu walipumua. Kogo hakuenda kwenye mizani. Aliinama, akachukua jani moja la juu, akaliweka kinywani, akalitafuna kwa meno ya pembeni, kwa kuwa ya mbele hana. Alitafuna kwa muda. Kisha akalitema kiganjani mwake, akanionyesha. Lilikuwa zima.

"Hii nimechuma makusudi," akasema. "Hii yote ya juu. Nimetafuta kwa ile miti ya pembeni yenye haijakatwa miaka mingi, nikachuma ngumu kabisa, nikaweka juu. Na wewe unasema laini."

Masikio yalinichoma.

"Siku ile ulisema mbaya, na sikusikia mkono yako ikifika chini. Leo unasema mzuri, na mkono yako haijafika chini. Sasa mimi nitajua namna gani?" Hakupaza sauti. "Mwaga. Mezani."

Nilimwaga mezani. Magumu yalitangulia kuanguka, halafu chini yake yakafuata mengine, na hata kabla sijayagusa nilianza kuona. Kogo alisimama upande wa pili wa meza, akanyoosha mkono, akaokota jani la kwanza, akanipa.

"Hii?"

"Ngumu," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Sema wasikie."

"Ngumu."

"Na hii?"

"Ngumu, Kogo."

"Hii?"

Lilikuwa majani mawili na kichipukizi chenye vinyweleo vyeupe, limekatika pale pale linapotakiwa kukatika. Wenye macho wangechuma hivyo wangekuwa matajiri.

"Laini," nikasema.

"Usinidanganye."

"Sikudanganyi. Laini."

"Weka upande."

Tulikwenda hivyo, jani kwa jani. Baada ya muda akaeleza, si kwangu, kwa mstari: ameanza alfajiri, shina moja moja, anakunja kila kichipukizi kwa vidole viwili, kikivunjika anachukua, kikipinda anakiacha. Zamani alikuwa anachuma haraka kama mtu anayeona, kwa kuwa kila siku aliambiwa ni mazuri, kwa hivyo angepunguza mwendo wa nini? Mzee Kipkemoi aliposikia hayo alivua kofia. Nadhani naye alikuwa amepata sehemu yake ya aibu, lakini yake ilitokana na wema, na yangu siwezi kuipa jina hilo.

Dereva wa lori alipiga honi. Nikamwambia angoje. Simu yangu ikalia, ilikuwa Bwana Nganga, nikaizima. Foleni nzima ilisimama na magunia yake yakipata joto, na hakuna aliyelalamika. Nilisema ngumu, nikasema laini, nikasema ngumu, na kila neno nililitoa mbele ya watu kama mtu anayetubu kanisani, mpaka meza ikawa na mafungu mawili. La magumu lilikuwa lile la juu na mengine machache. La laini lilijaza karai, likamwagika.

Kipkurui alikuja kutoka kwenye pikapu. Aliyatazama yale mafungu, akamtazama mama yake. Alichukua karai mwenyewe akalipeleka kwenye mizani. Hakusema lolote kuhusu mikaratusi, na majembe yalirudi Bomet makavu.

Nikapima. Nilitia mkono hadi chini ya karai kwanza, ingawa nilikuwa nimelishika kila jani lililomo. Nikachapa risiti. Kogo alikuwa anajipangusa vidole kwenye kanga, uso umenyooka, na wanawake wa mstari walikuwa wanamwita kwa furaha. Nilizunguka meza nikamwekea risiti kiganjani, nikakishika kiganja chenyewe kidogo, kikavu na chenye utomvu wa majani, nikingoja lile neno nililolizoea.

"Kongoi, karani," akashukuru, akautoa mkono wake, akaenda kumtafuta mwanawe.